Presha Isiyosikia Dawa na Urithi wa Figo

Hotuba iliyotolewa mjini Mtwara mbele ya wahudumu wa afya, wagonjwa wa kliniki ya presha na familia zao

Mheshimiwa mgeni rasmi, waganga na wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Tandahimba, Newala, Nanyamba na Masasi, wazee wangu shikamooni, na ndugu zangu wote mlioacha shughuli zenu ili tukutane hapa.

Nimeombwa nizungumzie urithi katika ugonjwa wa shinikizo la juu la damu, na hasa ile presha ambayo mgonjwa anameza dawa, anaongezewa dawa, na namba bado hazishuki. Nimekubali kwa sababu ya jambo moja ninaloliona sana kliniki. Mgonjwa akishasema kwamba presha yao ni ya ukoo, mazungumzo huishia hapo: yeye hukata tamaa, na sisi tunaandika dozi ileile na kumwambia arudi mwezi ujao. Mimi naona kwamba hapo ndipo mazungumzo yangetakiwa kuanza. Sehemu kubwa ya urithi huo tumeshajua inafanyia kazi wapi, nako ni kwenye figo na namna figo inavyoshughulikia chumvi. Na tabibu anayejua ugonjwa unafanyia kazi wapi anaweza kuchagua dawa inayokwenda mahali hapohapo, badala ya kurundika vidonge.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani. Mwenye presha sugu, kwa maana ya kitabibu, ni yule ambaye namba zake zinabaki juu ya kiwango kilichokusudiwa, kwa wengi wetu 140 kwa 90, ilhali anameza dawa tatu za makundi matatu tofauti kwa dozi inayotosha, na moja kati ya hizo ni dawa ya kuongeza mkojo. Mara nyingi tatu hizo ni amlodipini, losatani au dawa ya jamii ya kaptopili, na haidroklorothiazidi au nyingine ya aina yake. Anayehitaji dawa nne au zaidi ndipo namba zishuke, naye anahesabiwa humo. Lakini yule aliyekaa na amlodipini peke yake kwa miaka na miaka huku presha yake ikisoma 170 hana presha sugu; ana matibabu pungufu, na hilo ni kosa letu sisi watoa huduma kuliko la jeni zake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa kwenye dawa yoyote. Hao wote si wagonjwa ninaowazungumzia leo.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo hili, kwa kuwa hapa ndipo presha sugu nyingi huyeyuka kabla hatujafika kwenye jeni. Mama mmoja wa makamo, mkulima wa korosho kutoka upande wa Tandahimba, aliletwa kwangu na barua ya rufaa iliyosema kwamba presha yake imeshindikana. Nilimwomba aniwekee mezani dawa zake zote. Akafungua fundo la pindo la kanga, akatoa karatasi mbili za amlodipini zenye majina tofauti, kila moja imenunuliwa duka lake, naye akizimeza zote mbili kila siku akiamini kwamba ni dawa mbili. Karatasi ya dawa ya kuongeza mkojo ilikuwa nzima, haijatobolewa hata kidonge kimoja. Alinieleza, bila kusita, kwamba ukiinywa asubuhi huwezi kupanda gari la kwenda mnadani ukafika salama. Ya nne ilikuwa diklofenaki ya magoti, nusu imekwisha. Tena mkanda wa mashine uliokuwa ukitumika kumpima ulikuwa mdogo kwa mkono wake, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Diklofenaki na dawa za jamii yake huifanya figo ing'ang'anie chumvi na hupunguza nguvu ya dawa za presha. Tuliiondoa, tukabadilisha saa ya kunywa dawa ya mkojo, tukamwondolea amlodipini ya pili na kumpa losatani mahali pake. Presha iliyoandikiwa barua kwamba imeshindikana ilishuka. Hakukuwa na jeni ya kutafutwa pale.

Mkishawaondoa wagonjwa wa namna hiyo, pamoja na wale ambao presha yao hupanda kwa sababu tu wamemwona mtu mwenye koti jeupe, wanabaki wagonjwa kiasi cha 1 kati ya 10 wa wote wanaotibiwa. Hawa dawa wanazimeza, chumvi wamepunguza, wamepimwa na mkanda unaostahili, na bado namba ziko juu. Kwa hawa, urithi unastahili kuulizwa kwa makini.

Watafiti waliolinganisha mapacha na ndugu wa familia moja wanakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za presha baina ya mtu na mtu hutokana na urithi. Tafadhalini, msiichukue namba hiyo mkasema kwamba nusu ya presha ya fulani imetoka kwa wazazi na nusu imetoka jikoni. Maana yake ni kwamba ukilipima kundi kubwa la watu, sehemu hiyo ya sababu zinazowafanya wapishane inafuata damu yao. Ndani ya mwili wa mtu mmoja vitu hivyo viwili havitenganishiki, na nitarudi kuonyesha kwa nini.

Sasa tuingie kwenye figo. Figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kila siku, na ndani ya maji hayo mna chumvi inayokaribia kilo moja na nusu. Sisi wa pwani hii, wenye mashamba ya chumvi kuanzia Kilwa hadi huku kwetu, hatuhitaji kuelezwa kilo moja na nusu ya chumvi inavyoonekana kwenye kiganja. Basi kiasi hicho hupita katika figo kila siku, na zaidi ya asilimia 99 yake hurudishwa kwenye damu. Kidogo kinachobaki ndicho hutoka na mkojo. Uamuzi wa mwisho, wa zile asilimia chache za mwisho, hufanyika mwishoni mwa mirija ya figo, kwenye vitundu vidogo sana vya seli ambavyo nitaviita milango ya sodiamu, sodiamu ikiwa ni madini yaliyomo ndani ya chumvi. Anayeamuru milango hiyo iongezwe ni homoni iitwayo aldosteroni, inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Figo nayo, inapohisi kwamba presha au chumvi imepungua, hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, ambacho mwishowe huziamsha tezi hizo. Milango ikibaki wazi kupita kiasi, chumvi hurudi, maji huifuata, ujazo wa damu huongezeka, na presha hupanda.

Kwamba figo ndiyo yenye neno la mwisho si dhana tu. Nchini Marekani Lewis Dahl alizalisha koo mbili za panya, moja ikipandwa na presha ikilishwa chumvi, nyingine ikistahimili chumvi ileile. Figo zilipohamishwa kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, presha ilifuata figo. Panya mstahimilivu aliyepewa figo ya ukoo unaopandwa na presha alipata presha ya ukoo huo.

Kwa binadamu, kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 1963. Daktari Grant Liddle na wenzake, hukohuko Marekani, walieleza habari za msichana na ndugu zake waliokuwa na presha kali wakiwa bado vijana, na upungufu katika damu wa potasiamu, madini ambayo aldosteroni huifanya figo iyatoe kwenye mkojo. Kila dalili ilisema kwamba tezi zao zinatoa aldosteroni nyingi, lakini walipopima waliikuta aldosteroni karibu haipo. Dawa inayoipinga aldosteroni haikusaidia chochote, na si ajabu, kwani hapakuwa na cha kupinga. Dawa nyingine, triamterini, inayoziba milango yenyewe ya sodiamu, ilishusha presha. Miaka ikapita, figo za msichana yule zikashindwa, na mwaka 1989 akapandikizwa figo ya mtu mwingine. Ule ugonjwa wa presha na potasiamu ndogo ukaondoka. Mwaka 1994 na 1995 kundi la Richard Lifton lilionyesha kosa lenyewe lilipo: jeni zinazotengeneza vipande viwili vya ule mlango, zilizo kwenye kromosomu ya 16, zimekatika mwishoni, na mlango usio na mkia huo seli haiwezi kuung'oa kwa wakati wake. Hukaa pale ukipitisha chumvi usiku na mchana, aldosteroni iwepo isiwepo. Mzazi mmoja akiwa na badiliko hilo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi, awe wa kiume au wa kike.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinabeba fundisho zima la tiba. Wagonjwa wale walikuwa na presha isiyosikia dawa, lakini si kwamba haikusikia dawa zote. Ilikuwa haisikii dawa zilizoelekezwa mahali pasipo na kosa.

Aldosteroni yenyewe nayo ina habari ndefu. Mwaka 1955 Jerome Conn alieleza ugonjwa ambao tezi moja au zote mbili hutoa homoni hiyo bila kusikiliza amri ya figo. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba ni ugonjwa adimu, wa kusomea mtihani. Leo tunajua kwamba miongoni mwa watu wenye presha sugu, kiasi cha mtu 1 kati ya 5 anao. Kuna familia chache ambazo ugonjwa huu hurithiwa moja kwa moja: mwaka 1992 iligunduliwa kwamba katika aina mojawapo jeni mbili jirani za kromosomu ya 8 zimeunganika vibaya, hata utengenezaji wa aldosteroni ukawa chini ya homoni ya tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo kwa kawaida haina mamlaka makubwa juu yake. Watu wa familia hizo hupata presha utotoni, na baadhi yao hupata kiharusi cha kuvuja damu wakiwa vijana. Dozi ndogo ya dawa ya jamii ya steroidi huweza kuituliza homoni ile, jambo ambalo hakuna tabibu angelibahatisha bila kujua jeni imefanya nini.

Lakini walio wengi wenye ugonjwa wa Conn hawakuurithi, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana watu huchanganya. Mwaka 2011 yalipatikana mabadiliko ya jeni iitwayo KCNJ5 ndani ya vivimbe vya tezi hizo, na baadaye ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika waliochunguzwa Marekani, jeni iliyobadilika mara nyingi zaidi ni nyingine, CACNA1D. Mabadiliko hayo yamo ndani ya kivimbe tu. Hayamo kwenye damu, hayamo kwenye mbegu wala kwenye yai. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa unaotokana na jeni na asimrithishe mtoto wake hata chembe. Mwenye kivimbe cha tezi moja anaweza kufanyiwa upasuaji, na mara nyingine akaachana na nusu ya vidonge vyake au na vyote.

Zipo familia nyingine adimu ambazo nitazipita haraka. Kuna ambao presha yao huja na potasiamu iliyo juu badala ya kushuka, kwa sababu ya jeni za kundi la WNK zilizogunduliwa mwaka 2001, na hao dawa ya kawaida ya jamii ya thiazidi huwafaa ajabu. Kuna vivimbe vya tezi vinavyomwaga adrenalini, vinavyoambatana na kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio, na sehemu kubwa ya wagonjwa wake wana badiliko la kurithi. Na kuna familia iliyoelezwa mwaka 2000 ambayo kipokezi chake cha aldosteroni kimebadilika umbo, hata spironolaktoni, dawa inayotakiwa kukizima, inakiwasha, na wanawake wake hupata presha kali sana wakiwa wajawazito. Naitaja hiyo ya mwisho kwa ajili ya wale wanaonunua dawa za jirani kwa kuwa zimemsaidia jirani.

Tukiacha familia hizo chache, presha ya watu wengi haitokani na jeni moja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya taarifa za watu zaidi ya milioni 1, ulifikisha sehemu 901 za vinasaba zinazohusiana na presha, na nyingi kati ya hizo, ikichukuliwa moja moja, haisogezi presha hata kwa namba moja kwenye mashine. Ni mkusanyiko wa vitu vidogovidogo. Na hapa nina manung'uniko yangu. Watu waliochangia damu katika uchambuzi ule walikuwa kwa sehemu kubwa mno wenye asili ya Ulaya. Alama za hatari zinazokokotolewa kutokana na jeni zao hupoteza usahihi zikitumiwa kwa Waafrika, ambao ndio wenye vinasaba vya aina nyingi zaidi duniani. Mradi wa AWI-Gen, ulioanzishwa chini ya H3Africa, mpango wa kuchunguza vinasaba na afya za Waafrika, umejaribu kuliziba pengo hilo kwa kufanya kazi Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Ni hatua kubwa, ila Tanzania haimo kati ya nchi hizo. Kwa hiyo mtu akikuuzia leo kipimo cha mate kwenye mtandao, akakuahidi kukueleza jeni zako za presha, hela hiyo nunulia mashine nzuri ya kupimia nyumbani.

Je, tunajua nini basi kuhusu watu wa bara letu? Tunajua kwamba wengi wa Waafrika wenye presha wana renini ya chini, na presha yao hupanda chumvi ikiongezeka. Renini ya chini ni ishara kwamba figo imeshiba chumvi na imeacha kuita msaada. Ndiyo maana dawa za jamii ya kaptopili na losatani, zinazofanya kazi kwa kuukata mnyororo wa renini, zikitumiwa peke yake huwa hafifu kwa wengi wetu, ilhali amlodipini na dawa za kuongeza mkojo hufanya kazi vizuri. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia wagonjwa weusi 728 katika nchi sita, mojawapo ikiwa ni Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Ulionyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa na haidroklorothiazidi, au na perindopili, ambayo ni ya jamii ya kaptopili, hushusha presha kuliko perindopili na haidroklorothiazidi bila amlodipini.

Huko Afrika Kusini, Brian Rayner na wenzake walieleza mwaka 2003 badiliko la jeni liitwalo R563Q, lililo kwenye kimojawapo cha vile vipande viwili vya mlango wa sodiamu nilivyovitaja katika kisa cha Liddle. Wanaolibeba hawana ugonjwa kamili wa Liddle, ila miongoni mwao presha yenye renini ndogo na aldosteroni ndogo huonekana zaidi. Kisha watafiti wa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini walichukua wagonjwa ambao presha yao ilikuwa imeshindikana, wakapima renini na aldosteroni, na wakachagua dawa kwa kufuata majibu: mwenye renini ndogo na aldosteroni kubwa akapewa ya kuipinga aldosteroni, mwenye vyote viwili vidogo akapewa amiloridi, ambayo huziba milango yenyewe. Waliotibiwa hivyo walifanikiwa kuliko waliotibiwa kwa desturi ya kuongeza dawa juu ya dawa. Angalieni kwamba hakuna aliyesomewa vinasaba vyake ndipo apate dawa. Renini na aldosteroni zilitosha kuonyesha jeni zimefanya nini, kwa bei ndogo zaidi.

Nisingependa, hata hivyo, mtoke hapa mkidhani kwamba weusi wa ngozi ni jeni ya presha. Mmakonde wa Newala na Myoruba wa Ibadan wanapishana vinasaba kuliko tunavyodhani, na wapo Waafrika wengi wenye renini ya juu ambao losatani huwatosha. Asili ya mtu ni dokezo la kuanzia tu.

Na chumvi? Nilisema kwamba urithi na jiko havitenganishiki. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Wajaluo wa Kenya waliohama kutoka vijijini, kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenda kutafuta maisha Nairobi. Presha yao ilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha kwamba wameanza kula chumvi zaidi na potasiamu kidogo. Jeni zao hazikubadilika ndani ya basi. Figo iliyozaliwa kushika chumvi haina madhara makubwa pale ambapo chumvi ni haba. Itakudhuru pale ambapo chumvi imejaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na humo inahesabiwa ya mboga, ya mkate, ya ng'onda na ya korosho za kukaanga. Kwa mtu mwenye presha sugu, kupunguza chumvi kunashusha namba kuliko kunavyoshusha kwa mtu mwingine yeyote, na mwenye urithi ndiye mwenye faida kubwa zaidi ya kuupata ushauri huo.

Kuna jeni nyingine ambayo siwezi kuiacha, ingawa inagusa presha kwa kupitia mlango wa nyuma. Wazee wa Liwale na Nachingwea wanamjua mbung'o na malale. Ndani ya damu ya binadamu mna protini iitwayo APOL1 inayoua vimelea vya jamii hiyo. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba maumbo mawili ya jeni yake, G1 na G2, ambayo huipa protini hiyo uwezo wa kupigana na vimelea vya malale vya Afrika Mashariki, humwongezea mtu hatari ya ugonjwa wa figo akiyarithi kutoka kwa baba na mama pia. Yamejaa zaidi Afrika Magharibi. Kwa Wamarekani weusi kiasi cha asilimia 13 wana jozi kamili. Figo ikishaharibika, presha huwa ngumu kushuka, na presha hiyo nayo huimaliza figo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenye presha sugu lazima apimwe kreatinini kwenye damu, inayoonyesha figo inavyochuja, na protini kwenye mkojo, ili tujue kama figo ni chanzo au ni majeruhi.

Nimalizie na jambo linalotuhusu hasa sisi wa Kusini, kwa sababu sijawahi kuliona katika mwongozo wowote. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa jadi tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukimuuliza mgonjwa wetu kama kwao kuna presha, atakutajia bibi mzaa mama, mama wakubwa, mama wadogo na wajomba, tena kwa uhakika. Upande wa baba, hasa kama wazazi waliachana, hausemi. Si kwamba anaficha. Kwake hao si ukoo wake. Lakini jeni haijui mila: nusu imetoka kwa baba, awe alikaa nyumbani au hakukaa.

Mwalimu mmoja kijana, hajafika miaka 30, alikuja na presha ya 190 kwa 115 akiwa kwenye dawa tatu anazozimeza kweli, na analalamika kwamba miguu inamwishia nguvu darasani. Kwenye kadi yake palikuwa pameandikwa kwamba familia haina historia ya presha. Nilipomuuliza habari za baba yake alisema hamfahamu sana. Alipompigia shangazi yake simu pale pale, tukasikia kwamba baba wadogo wawili walikufa kwa kiharusi kabla ya miaka 45. Potasiamu yake ilikuwa 2.7, na ya kawaida haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Damu ya kupima aldosteroni na renini ilipelekwa Dar es Salaam, ikarudi na majibu ya aldosteroni ya juu na renini iliyolala kabisa. Spironolaktoni kidonge kimoja kwa siku, ambayo ni dawa ya miaka mingi na isiyo ghali, ilifanya kilichozishinda zile dawa tatu. Utafiti wa PATHWAY-2, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuwa umeshaonyesha kwamba kwa presha sugu dawa hiyo ndiyo bora kuongezwa kama ya nne. Ndugu zake wa kwa baba, ambao wengine alikuwa hajawahi kuwaona, waliitwa wapimwe, na dada mmoja naye alikutwa na presha na potasiamu ndogo.

Kwa hiyo wauguzi wenzangu, kadi ya kliniki iwe na mistari miwili ya historia ya familia, wa mama na wa baba, na pembeni ya kila ndugu aliyepata kiharusi uandikwe umri wake. Mgonjwa wa chini ya miaka 30, au mwenye potasiamu ndogo, au mwenye ndugu wa damu waliopooza wakiwa vijana, asibaki zahanati akibadilishiwa vidonge. Aandikiwe rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda. Anayeanzishiwa spironolaktoni apimwe potasiamu na kreatinini ndani ya wiki chache, kwa sababu dawa hiyohiyo inayopandisha potasiamu iliyoshuka inaweza kuipandisha kupita kiasi, hasa akiwa kwenye losatani au figo zake zikiwa dhaifu. Wanaume waulizwe kama matiti yanauma. Wengi huona haya kusema, wakaacha dawa kimyakimya.

Ninyi mliokuja na mgonjwa, meza za kupimia ziko upande wa dirishani. Ndugu na watoto wakubwa wa wenye presha sugu wapite kwanza, wakae dakika tano kabla ya kupimwa, na mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa.